Breki ya Mubila

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, na mke wangu ameitundika mbele ya kiti changu, mahali ambapo siwezi kuikwepa. Nawashukuru. Mlinipa pia daftari jipya mkaniomba niandike mambo ya zamani ya kazi yetu, maana wengi wenu mliikuta karakana ikiwa na taa za umeme na visu vya kila aina, mkadhani ndivyo ilivyozaliwa. Sitawaandikia nani alipanda cheo mwaka gani. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili yenyewe mchwa wameshayasoma yote. Nitaandika yale yanayonijia mpaka leo nikishika tupa.

Niliingia kazini katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wako, nami nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nilitoka kwetu Mumosho alfajiri, kwa miguu, na mfukoni nilikuwa na barua ya padri iliyosema kwamba ninajua useremala kidogo na sinywi pombe. La kwanza lilikuwa kweli. Karakana ilikuwa Nguba, hapa Bukavu, nyuma ya ofisi za kampuni moja ya migodi, chumba kirefu chenye madirisha yanayotazama ziwa. Nilitegemea kukuta magari. Nilikuta meza mbili, jiko la makaa, makopo matupu ya sardini na ya maziwa yaliyopangwa mpaka darini, na mzee mfupi aliyevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Huyo ndiye Papa Murhula, na kila ninachokijua katika kazi hii kilitoka kwake. Kampuni ilikuwa na mitambo iliyochoka: kamiyo, yaani malori, za kale ambazo magurudumu yake yalizungushwa kwa minyororo, mtambo wa mvuke ulioshindilia barabara kabla sijazaliwa, vitoroli vya mgodini. Mtambo uliofika mwisho wake ulikatwa ukawa chuma chakavu. Lakini mkuu wetu, Bwana Willem, mhandisi aliyependa vyuma vikuukuu kuliko alivyopenda watu, alikuwa amepata ruhusa kwamba kabla ya kukatwa, kila mtambo utengenezewe maketi yake. Ndivyo tulivyoliita gari dogo linalofanana na gari kubwa kwa kila kitu, mita moja ya kubwa ikiwa sentimita tano za dogo. Maketi hizo ziliwekwa kwenye kabati za vioo pale ofisini, na wageni walizitazama huku wakingoja kuitwa.

Siku ya kwanza Papa Murhula alinipa kopo la sardini, mkasi wa kucha na tupa, akaniambia nitengeneze ndoo ya maji, ile iliyoning'inia nyuma ya kamiyo. Nilihangaika nayo mpaka saa nane. Ilitoka ya duara kamili, inang'aa, ndogo ya kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Nilimpelekea nikijisikia fundi tayari. Akaigeuza, akanishika mkono akanipeleka uani kwenye kamiyo yenyewe, akanionyesha ndoo yake: imepondeka ubavuni, mshikio umefungwa kwa waya.

"Hii ndoo unaiona," akasema. "Sasa ile yako iko ya nani?"

Akaitia ndoo yangu kwenye droo yake, nami kesho yake nikaanza upya. Ile ya tatu ndiyo aliyoikubali, na hata hiyo aliigonga kidogo kwa mpini wa tupa kabla ya kuitundika.

Vijana, nyinyi leo mkikosa kitu mnaandika karatasi ya kuomba. Sisi tulikuwa tunaokota. Spoki za baiskeli zilikuwa fito za chini ya gari. Mbavu za mwavuli zilifaa kwa mabomba. Sindano ya cherehani iliyovunjika, ukiinoa vizuri, inatoboa bati kuliko keekee. Matairi tulichonga kwenye soli za makobazi. Mnyororo tuliuunga pete kwa pete kutoka kwenye waya wa simu, na kamiyo moja ilikula pete zaidi ya mia, mpaka usiku ukifumba macho unaziona. Kutu tuliipaka kwa udongo mwekundu wa Kadutu, uliochujwa kwa leso na kuchanganywa na vanishi. Mke wa Bwana Willem alipoteza saa mbili za kengele, na mimi najua ziliko: chini ya maketi mbili za kamiyo, zikiwa springi.

Kulikuwa na desturi moja ambayo Papa Murhula hakuilegeza hata siku moja. Anayepima haandiki, na anayeandika hapimi. Mmoja anaingia chini ya gari na mita, anasema namba kwa sauti. Mwingine yuko nje na daftari, anairudia namba na kuiandika. Alisema jicho linapenda kumfurahisha mkono wake, kwa hiyo ni bora vikae kwa watu wawili. Na hatukuandika kwa penseli ya kawaida. Tuliandika kwa ile ya zambarau, ambayo ukiilowanisha kwa mate maandishi yake hayafutiki tena. Papa Murhula alikuwa na ulimi wa zambarau siku zote za kazi, na Jumapili kanisani alipofungua kinywa kuimba watoto walimtazama yeye badala ya padri.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu ilipotukia habari ya Mubila. Mubila alikuwa Mrega wa Mwenga, dereva wa moja ya kamiyo zile za minyororo, mtu wa maneno machache aliyeijua barabara ya mgodini kwa kila shimo. Asubuhi moja ya masika alikuwa anateremka kutoka upande wa Luhwindja, amebeba mawe ya mgodi. Kwenye kona ya mteremko kamiyo haikukata kona. Ilikwenda moja kwa moja mpaka bondeni. Mubila alirushwa nje akavunjika mfupa wa bega. Msaidizi wake, Kitoga, alikufa palepale. Na Kitoga huyo hakuwa msaidizi tu, alikuwa shemeji yake, ndugu wa tumbo moja na mke wake.

Mubila alisema jambo moja, na hakuliongeza wala kulipunguza: alikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini, gari halikusimama. Wa gereji ya mgodini walisema breki ilijaribiwa uani asubuhi ileile na ilishika vizuri, basi dereva alisinzia au alikuwa amekunywa. Kati ya maneno ya gereji na maneno ya dereva mweusi, nyinyi mnajua enzi zile yapi yalikuwa mazito. Wakamleta Bukavu wakamtia boloko, yaani mahabusu, bega limefungwa kitambaa, angoje kesi.

Mke wake, Mama Wabiwa, alikuja naye mjini akapata pa kulala kwa jamaa zake Kadutu, nyumba ya tatu kutoka chumba changu. Kila asubuhi nilimwona akipita na sufuria iliyofunikwa, anampelekea mume chakula. Watu wa mtaa walisema sufuria anaiacha kwa askari mlangoni na kurudi, hataki kumwona mumewe uso tangu ndugu yake afe. Nilikuwa nikimsalimia, ananijibu kwa heshima, anapita.

Gari lilikuwa limekwama bondeni mahali ambapo hata bwana wa mashtaka asingeweza kushuka na viatu vyake. Ndipo Bwana Willem alipojitolea: watu wangu watalipima huko liliko, watatengeneza maketi yenye breki inayofanya kazi, na bwana wa mashtaka atajionea juu ya meza. Tukatumwa, mimi na Papa Murhula. Tulikaa huko siku tatu, tukila viazi na maharagwe kwa mama mmoja wa kijijini ambaye kila jioni alimuuliza Papa Murhula kama ule ulimi ni ugonjwa.

Mimi nilikuwa mwembamba, kwa hiyo chini ya gari niliingia mimi. Huko niliikuta fito ya breki, kile chuma kirefu kinachovutwa na pedali ili magurudumu ya nyuma yashikwe. Ilikuwa imewahi kukatika zamani, na mtu alikuwa ameiunga kwa kipande cha bomba la maji.

"Papa, iko kiraka ya bomba huku," nikasema.

"Bomba gani?"

"Ya maji. Balifunga nayo tige ya freni."

"Pima yote. Usiruke kintu."

Nikapima. Pamoja na kiraka, fito ilikuwa ndefu kupita ile ya kwenye mchoro wa kiwandani kwa upana wa kidole gumba. Papa Murhula alirudia namba, akalamba penseli, akaandika. Wiki iliyofuata mafundi wa kampuni waliteremka na moto wa gesi, wakalikata gari vipande na kuvipandisha vikawa chuma chakavu. Hayo nayo yalikuwa desturi: gari likishapimwa, limekwisha.

Tuliporudi tu, Papa Murhula akapata habari ya kifo cha mama yake kule Ngweshe. Akaenda kuzika, na huko homa ikamlaza. Niliachwa peke yangu na kazi kubwa kuliko zote, na lazima niseme ukweli, nilifurahi. Nilitaka arudi akute kitu ambacho hajawahi kukiona. Nilifanya kazi nzuri. Vitu vyote vilivyozunguka kwenye gari kubwa vilizunguka kwenye dogo. Springi zilishuka ukilijaza risasi, yale madini mazito yaliyosimama badala ya mzigo, kwa kipimo kilekile tulichokipima kwenye kamiyo pacha yake iliyokuwa bado inatembea mjini. Breki zilikuwa vipande vya ngozi laini, na pedali ulikuwa unaifinya kwa njiti ya kiberiti.

Nilipofika kwenye fito ya breki, nilifungua daftari nikaona namba yetu ya zambarau na neno "bomba". Nikakaa nalitazama. Maketi ilikuwa nzuri mno. Bwana Willem angeiweka mbele ya wakubwa, nami niingize humo kiraka cha bomba la maji, kama paa la banda la kuku? Nikajiambia kwamba ule urefu wa ziada huenda ulitokana na kuanguka, chuma kimevutika. Nikajiambia kwamba mchoro wa kiwandani hauwezi kukosea. Nikachukua spoki mpya, nikaikata kwa kipimo cha mchoro, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaifunga. Hakuna aliyeniamuru. Nililitengeneza gari la watu lililoharibika, ugonjwa wa fundi huo, na sikumwambia mtu.

Bwana wa mashtaka alikuja. Maketi iliwekwa juu ya ubao ulioinamishwa kama mteremko, imejazwa risasi, paa limeondolewa. Bwana Willem alifinya pedali kwa njiti, nami nikaondoa kabari. Gari lilisimama tuli, halikusogea hata upana wa nywele. Wakarudia mara tatu. Bwana wa mashtaka alinipa mkono, akaandika kwenye karatasi zake, na Bwana Willem alinitafsiria kwa Kiswahili chake kwamba sasa mambo ni wazi: breki ilikuwa nzima, dereva amesema uongo, shauri litakwisha baada ya siku nane. Nilirudi nyumbani na sifa zangu. Njiani nilipishana na Mama Wabiwa na sufuria tupu, na kwa mara ya kwanza nikashindwa kumsalimia, ingawa sikutaka kujiuliza kwa nini.

Siku tatu baadaye Papa Murhula alirudi, amekonda, nywele zimenyolewa kwa ajili ya msiba. Nilimpa pole. Aliipokea huku macho yake yako mezani tayari. Akavaa miwani zake zote mbili, akaipindua maketi chali, akaitazama kwa muda mrefu.

"Bomba ya maji iko wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia niliona haya ya kukiweka kile kiraka, na kwamba nilifuata mchoro.

"Plan njo ilianguka ku mulima?"

"Hapana, Papa, mchoro haukuanguka."

"Basi weye ulitengeneza kamiyo yenye haikuanguka."

Aliketi. Akavua miwani ya kwanza, kisha ya pili, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya saa za kazi. Akasema taratibu, bila hasira, na ingekuwa afadhali angenipiga: "Mubila atafungwa juu ya mikono yako mizuri."

Nilimuuliza tufanye nini, akaniambia nichukue spoki nyingine na ubavu wa mwavuli, nikate kama daftari linavyosema. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Gari likiwa tupu, breki yenye kiraka ilishika. Kwa shida, lakini ilishika, kama gereji walivyosema. Kisha Papa Murhula akaanza kulijaza risasi, kipande baada ya kipande. Springi zikashuka, na zilivyoshuka tuliiona fito ikilegea, maana ilikuwa ndefu mno. Nikafinya pedali. Ikaenda mpaka chini pasipo kuvuta kitu. Gari likashuka ubao mzima, na kama asingeweka mkono lingeangukia kwenye jiko.

Nilitamani aende yeye kwa Bwana Willem. Alikataa. Alisema atakuja, lakini kusema nitasema mimi. Mnaoniona nikicheka leo, jueni kwamba niliogopa sana. Fundi mweusi aliyempotosha bwana wa mashtaka kwa kazi ya mikono yake angeweza kulala boloko ileile, na Papa Murhula angeweza kufukuzwa pamoja nami kwa kunilea vibaya.

Bwana wa mashtaka aliitwa tena. Nilisimama mbele yao, nikasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kifaransa changu kilinikimbia chote: "Bwana, ile ya kwanza nilidanganya nayo. Kule chini niliona kiraka, nikaona haya ya kukiweka. Mubila alisema kweli."

Bwana Willem alikuwa mwekundu hadi masikioni. Bwana wa mashtaka aliuliza, na swali lilikuwa la haki, kwa nini aiamini maketi ya pili kuliko ya kwanza, wakati gari lenyewe limeshakatwa na mwongo ni yuleyule. Papa Murhula akaweka daftari mezani, akalamba kidole, akaisugua ile namba ya zambarau mbele yao. Haikutoka. Wakamuuliza kama yeye aliingia chini ya gari.

"Miye sikuingia. Miye niliandika, yeye njo alikuwa anasema. Kama hakuione, angetoa wapi bomba ya maji?"

Bwana Willem hakumaliza hata kumtafsiria mwenzake. Alijaza risasi mwenyewe, akafinya mwenyewe, na gari likashuka likampita mkononi, likaanguka sakafuni na kuvunjika taa moja. Aliiokota taa akaifunga kwenye leso. Wakaitwa wa gereji. Walipoulizwa kama breki ilijaribiwa gari likiwa na mzigo, walikubali kwamba lilikuwa tupu, na mmoja wao akakiri kwamba bomba aliliweka yeye. Baada ya siku chache Mubila alifunguliwa.

Mimi sikufukuzwa. Bwana Willem aliniambia kwamba kwa miezi mitatu sitagusa tupa. Nilichambua skrubu, nikafagia, nikaosha makopo, na Papa Murhula kila jioni aliniletea kitu alichokitengeneza, akaniuliza kimekosewa wapi. Ndiyo miezi niliyojifunza zaidi. Na ile taa iliyovunjika hatukuibadilisha.

Katika miezi hiyo, asubuhi moja, Mama Wabiwa aliingia karakana, kitenge kimefungwa vizuri, mikono mitupu. Mubila alikuwa nyuma yake, lakini alibaki mlangoni, bega bado limefungwa. Alikuwa amekonda mno. Mama Wabiwa alimwamkia Papa Murhula, kisha akasema amesikia kuna kamiyo ndogo, anaomba kuiona.

Papa Murhula aliiweka juu ya ubao, akaijaza risasi yote. Alimweleza kila kitu kwa ufupi, pedali, fito, kiraka, bila kupamba. Nikampa njiti ya kiberiti. Akaiweka kwenye pedali, akafinya, nami nikaondoa kabari. Gari likaondoka. Mkono wake ulilifuata ubao mzima, bado anafinya, na Papa Murhula akalidaka mwishoni.

"Rudisha," Mama Wabiwa akasema.

Tukarudisha. Safari hii aliuma midomo, akafinya kwa nguvu mpaka njiti ikamvunjikia mkononi, na gari likaendelea kushuka vilevile. Alibaki amesimama anatazama kile kipande cha njiti. Kisha, bila kugeuka, akasema na mtu wa mlangoni.

"Ulikanyaga."

"Nilikanyaga," Mubila akajibu.

Akanyoosha mkono nyuma, kuelekea mlangoni, na Mubila akaingia ndani.